Meza Ifuate Nzi: Maneno kwa Wanaoanza Kufunga Nzi wa Kuvulia

Hamjambo nyote? Wazee wa mto, mama zangu, vijana, asanteni kwa kuiacha Jumamosi yenu na kuja kukaa kwenye viti hivi vigumu. Nimeombwa niwaeleze jinsi mtu anayeanza kufunga nzi anavyoweza kupanga mahali pake pa kazi. Nimeona pale mlangoni kwamba wengine mmekuja na mabegi yaliyojaa: manyoya ya kila rangi, nyuzi zinazometameta, vikopo vya shanga. Ni vizuri. Naomba tu msiyafungue kwanza.

Kwa wale waliosindikiza wenzao na bado wanajiuliza tumekuja kufanya nini: nzi tunayemzungumzia ni ndoano iliyovikwa manyoya, nywele, uzi na waya ili trauti adhani ni chakula. Hapa Nyeri si jambo geni. Trauti hakuwa samaki wa mito yetu. Ni mwaka 1905 ambapo Ewart Grogan alileta mayai yake kutoka Scotland yakatiwa Mto Gura, na leo samaki huyo yuko Thego, Sagana, Ragati, Naro Moru na Mathioya, na kule Kiganjo kuna kituo kinachozalisha vifaranga vyake. Samaki walivuta wavuvi, wavuvi wakavuta kazi ya mikono. Leo nzi wengi wanaouzwa katika maduka ya Uingereza na Marekani wamefungwa na Wakenya, na baadhi ya mafundi hao hawajawahi kushika fimbo ya kuvulia maishani mwao.

Nimewataja mafundi hao kwa sababu. Ukiingia karakana ya kufunga nzi kwa biashara, mahali ambapo mtu analipwa kwa dazeni, utashangaa meza zilivyo tupu. Mbele ya fundi kuna vaisi (kibano cha kushikia ndoano), uzi, mkasi, na malighafi ya nzi mmoja tu, yule anayefungwa siku hiyo. Hakuna kingine. Kesho nzi akibadilika, meza inabadilika. Sasa nenda nyumbani kwa mvuvi mwenye pesa zake anayefunga kwa kujifurahisha: kabati la droo arubaini, manyoya yananing'inia ukutani, chupa za rangi zimepangwa kama duka la dawa. Anayeanza akiona vile viwili, anaiga kabati. Ananunua kila kitu, anakitandaza mezani, halafu anakaa mbele ya hiyo fujo hajui mkono uende wapi.

Mimi nasema aige fundi wa dazeni. Chagua nzi kwanza, ndipo upange meza. Mtu akiniuliza anunue droo gani, namjibu kwa swali: unafunga nzi gani?

Basi tuchague mmoja hapa hapa tusiongee hewani. Kwa mwanzo nawapendekezea Woolly Bugger. Alibuniwa na Mmarekani wa Pennsylvania, Russell Blessing, mwaka 1967, na amevua samaki karibu kila mahali penye samaki. Ni mkubwa, ndoano namba 8 au 10, kwa hiyo macho na vidole vina nafasi ya kujifunza. Kumbukeni namba za ndoano zinakwenda kinyume: namba ikipanda, ndoano inapungua. Anayeanza na namba 16 anajitesa bure. Tena Bugger anasamehe. Ukimfunga amepinda kidogo, akishalowa maji trauti hatakuja na rula kumpima.

Huyu anataka nini? Ndoano. Shanga ya shaba ya kumtia uzito kichwani. Uzi. Unyoya laini wa bata mzinga kwa ajili ya mkia. Waya mwembamba wa shaba. Sufi ya kuvika mwili. Unyoya mmoja mrefu wa shingo ya jogoo wa kuzungusha juu ya sufi. Tone la vanishi mwisho. Basi.

Sasa angalieni, maana hapa ndipo penye maneno yangu yote ya leo. Vitu hivyo nimevitaja kwa mpangilio wa kazi, na mpangilio huo huo ndio utakaouweka mezani, kutoka kushoto kwenda kulia au kulia kwenda kushoto, vyovyote mkono wako unavyopenda, mradi usibadilishe kila siku. Shanga inakaa ubavuni mwa ndoano, mwanzoni mwa mstari. Kwa nini? Kwa sababu shanga huingia kwa kupitia ncha ya ndoano kabla ndoano haijabanwa kwenye vaisi. Ukishafunga mkia na mwili, huwezi tena kuipitisha, itabidi ukate kila kitu. Kila anayeanza huisahau, na dawa si kujikumbusha. Dawa ni kuiweka mahali ambapo huwezi kuifikia ndoano bila kuiona shanga. Meza inakumbuka kwa niaba yako.

Na kabla ya shanga, weka koleo ndogo. Lile jino la ndani la ndoano, linalomzuia samaki asichomoke, wavuvi wengi siku hizi wanalibana likalala ili samaki arudishwe mtoni bila kuumizwa sana. Libane kwanza. Chuma kikivunjika hapo, umepoteza ndoano tupu. Kikivunjika nzi akiwa amekamilika, umepoteza robo saa na unyoya mzuri.

Ukipanga hivyo kwa nzi mmoja, panga kwa dazeni. Hesabu ndoano kumi na mbili, zitie shanga zote, ziweke kwenye kifuniko cha chupa. Chambua manyoya kumi na mawili ya jogoo yenye ukubwa unaolingana. Namna ya kupima: upinde unyoya kidogo karibu na ndoano uone nyuzinyuzi zake zinafika wapi, ziwe mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa mdomo wa ndoano, yaani nafasi kati ya ncha na mpini wake. Kata vipande kumi na viwili vya waya. Sasa kaa ufunge. Wa kwanza atakuwa mbaya, wa tano ataanza kufanana na nzi, wa kumi utamwonyesha jirani. Anayefunga mmoja mmoja wa aina tofauti hafiki huko, maana kila mara anaanza upya, na nusu ya jioni inaishia kutafuta vitu.

Tuje kwenye meza yenyewe. Vitabu vya wenzetu wa Ulaya vinaanza kwa kusema, tenga chumba. Sawa. Na sisi tunaoishi chumba kimoja na watoto watatu, meza ni moja, ya chakula na ya homuweki? Kwetu jambo la maana ni ubao. Mwombe seremala ubao wa upana wa sentimeta arubaini na urefu wa sitini, na ukingo mdogo pande zote ili vitu visidondoke. Vaisi inakaa juu ya ubao. Upande mmoja gundisha kipande cha mbao kilichotobolewa mashimo, ndani yake wasimame mkasi, sindano, koleo na bobini, kile kishikio cha uzi. Muda wa chakula ukifika, unanyanyua ubao wote, unausukuma chini ya kitanda au juu ya kabati, na kesho unaukuta ulivyouacha, manyoya yakiwa kwenye mstari wake. Kwa maoni yangu ubao huo unashinda chumba kizima cha mtu asiyejua anafunga nini.

Vaisi, wengine mnaiita jiliwa, ziko za namna mbili. Kuna ya kubana kwenye ukingo wa meza kwa skrubu, na kuna ya kusimama juu ya kitako kizito cha chuma. Ya kubana ni imara zaidi, lakini inataka meza yenye ukingo unaotokeza na usio mnene mno, na ikibanwa kwenye meza ya plastiki inaichuna. Kwa mtu wa ubao nashauri yenye kitako. Kama umeshanunua ya kubana, seremala akuongezee ulimi wa mbao mbele ya ubao. Msikimbilie zile za bei kubwa zinazozunguka. Kazi ya vaisi ni kuishika ndoano isitikisike unapovuta uzi. Ikifanya hivyo, inatosha. Ijaribuni dukani: bana ndoano, ibonyeze kwa kidole gumba upande wa tundu la kufungia mshipi. Ikiteleza, irudisheni.

Kimo. Kaa kwenye kiti cha kawaida kisicho na mikono, si kigoda. Viwiko vyako vipumzike juu ya meza, na ndoano iwe kati ya kifua na kidevu. Ikiwa chini zaidi utainamisha shingo, na baada ya saa moja utaniita mimi mchawi. Meza ikiwa fupi, tia vitabu chini ya ubao. Tundu la ndoano lielekee kulia kama unatumia mkono wa kulia, uzi unapita juu ya ndoano kwenda mbali nawe na kurudi chini. Mwenye mkono wa kushoto ageuze kila kitu, asikubali mtu amlazimishe.

Mwanga. Hapa nitachelewa kidogo, mnivumilie.

Kulikuwa na mama mmoja Scotland, Megan Boyd, aliyeishi kijumba kidogo Kintradwell karibu na Brora. Alifunga nzi wa samaki aina ya samoni, wale wa kizamani wenye rangi kumi na kitu, na sifa zake zilifika hadi kwa Prince Charles, ambaye leo ni mfalme, aliyekuwa mteja wake. Mwaka 1971 alipewa nishani ya British Empire Medal. Yeye mwenyewe hakutaka kumuua samaki. Na katika miaka mingi ya kazi hiyo nyumba yake haikuwa na umeme. Mtu akiniambia hawezi kuanza mpaka anunue taa ya kutoka ng'ambo, namfikiria mama huyo na dirisha lake. Lakini pia nakumbuka kwamba uzeeni macho yake yaliharibika. Kwa hiyo hatuhitaji taa ya fahari, ila mwanga wenyewe tuuheshimu.

Mchana, kaa karibu na dirisha, mwanga uingie kutoka upande wa mkono usioshika bobini ili kivuli cha mkono wako kisiangukie nzi. Usiku, taa moja ya mezani yenye shingo inayopinda, balbu ya LED nyeupe ya mchana, ile ambayo pakiti yake imeandikwa kati ya 5000 na 6500 K. Balbu ya njano inadanganya: sufi ya kijani cha zeituni na ya kahawia zitaonekana ndugu, na asubuhi utashangaa ulichofunga. Taa ikae mbele na juu ya vaisi, kofia yake ikikulinda macho. Stima zetu mnazijua, kwa hiyo ile taa ya sola ya watoto kusomea iwe karibu. Nyuma ya vaisi simamisha karatasi ngumu ya rangi iliyopoa, kijivu au samawati hafifu. Bila karatasi hiyo jicho linahangaika kati ya nzi mweusi na pazia la maua lililo nyuma yake. Ni shilingi chache na utaona tofauti jioni hiyo hiyo.

Kuhusu mkasi nina neno moja la karakana: usiuweke chini. Fundi wa dazeni anautia kidole cha pete kwenye tundu la mkasi na kuulaza kiganjani muda wote anapofunga. Mara ya kwanza utaona kama ulemavu. Baada ya wiki mbili utauona mkono bila mkasi ndio wenye ulemavu. Uwe na mkasi wa pili, mbovu, wa kukata waya. Waya ukipita kwenye mkasi mzuri mara moja, ncha zake hazitakata tena unyoya bila kuutafuna.

Uzi wa cherehani unafaa kwa Bugger wa kujifunzia, nikisikia mtu anawakataza nitabishana naye. Ni mnene, utajenga kichwa kikubwa, lakini haukatiki ovyo, na ukishaacha kuukata kwa nguvu za mikono ndipo ununue uzi mwembamba wa kazi hii. Vanishi ya kumalizia, rangi ya kucha isiyo na rangi inatosha kabisa. Ifungue dirisha likiwa wazi, na chupa ikae nyuma ya vaisi, si kando ya kiwiko. Zile gundi zinazokauka kwa tochi ya mionzi ziacheni kwanza. Mkizinunua baadaye, zisikae dirishani, jua litazigandisha ndani ya chupa yake.

Mama mmoja hapa mbele ameinua mkono, anauliza kuhusu watoto. Naam. Meza yetu ni ya chakula, na sisi tunakula kwa mkono. Hilo linabadilisha mambo mawili. La kwanza ni ndoano: hesabu ulizotoa, hesabu ulizorudisha, na uwe na sumaku ndogo, hata ile ya spika iliyoharibika, uipitishe juu ya meza na sakafuni kabla ya kuondoka. Usifungie juu ya zulia wala mkeka. Ndoano ikiingia humo utaipata kwa mguu. La pili ni madini ya risasi. Wengine bado wanazungusha waya wa risasi kwenye ndoano kwa ajili ya uzito. Risasi ni sumu, na kwa watoto ni mbaya zaidi, haina haja ya kuwa kwenye meza ya ugali. Shanga ya shaba inafanya kazi hiyo. Na hata bila risasi, manyoya ya rangi yanaacha rangi mikononi, basi nawa kwa sabuni. Takataka ziwe na mahali pake pia: bandika bahasha kubwa ukingoni mwa ubao kwa selotepu, kila kipande kinachokatwa kiangukie humo.

Sasa kuhifadhi, ambako ndiko wengi hupoteza mali. Adui yako si vumbi, ni nondo. Viwavi vyake hula unyoya na nywele, na hali ya hewa yetu haina kipupwe cha barafu cha kuwaua. Unyoya mpya, hata uwe umetoka dukani, usiuchanganye na wa zamani siku hiyo hiyo. Utie kwenye chombo kilichofungwa, uweke kwenye friza wiki moja, utoe siku mbili upate joto, urudishe wiki nyingine. Ule mpumziko wa katikati unawaamsha waliosalia ili baridi ya pili iwamalize. Asiye na friza azungumze na mwenye bucha, wengi wao ni watu wazuri ukiwaeleza.

Wenzetu wa ng'ambo wanapenda vifuko vidogo vya plastiki. Hapa Kenya mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, nami nasema imetusaidia kufikiri. Weka manyoya ya kila aina kwenye bahasha ya karatasi, andika jina na tarehe, halafu bahasha zote ziingie kwenye mkebe au ndoo yenye kifuniko kinachobana, ile ya mafuta ya kupikia iliyooshwa vizuri. Karatasi peke yake nondo anaitoboa. Ndoano zikae kwenye vichupa vya dawa, namba imeandikwa kwenye kifuniko na pia ubavuni, maana vifuniko hubadilishana.

Manyoya yenyewe mnayo. Kuku anayechinjwa sokoni ana shingo iliyojaa manyoya yanayomfaa Bugger, laini kiasi, yanayocheza majini. Yaoshe kwa sabuni ya unga, yasuuze, yakauke kivulini. Yule jogoo wa Marekani aliyezalishwa makusudi kwa nzi wa kuelea ni ghali, na kazi yake ni nyingine, subirini. Unyoya wa mkia unaoitwa marabuu, ingawa jina ni la korongo, siku hizi unatoka kwa bata mzinga wa kufugwa, kwa hiyo asiende mtu kuokota chini ya korongo wa pale Nyayo Stadium. Sicheki sana ninaposema hivyo. Sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kukaa na nyara za mnyamapori bila kibali, na unyoya wa ndege wa mwituni umo. Kazi hii ina uchu wake. Juni 2009, kule Tring, Uingereza, mwanafunzi wa muziki kutoka Marekani alivunja dirisha la jumba la makumbusho akaiba ngozi 299 za ndege, baadhi zilikusanywa na mwanasayansi Alfred Russel Wallace karne ya 19, ili manyoya yake yafungiwe nzi. Nzi ambao wengi wao hawangewahi kutiwa majini. Mkianza kutamani manyoya kuliko mto, mnijie tuongee.

Kijana pale nyuma anauliza, baada ya Bugger tufunge nani. Nitakujibu kwa mtu mwingine. Frank Sawyer alikuwa mlinzi wa mto Avon, Wiltshire. Nzi wake mashuhuri, Pheasant Tail, alitengenezwa kwa vitu viwili: nyuzi za mkia wa ndege aitwaye feasanti, na waya mwembamba wa shaba. Waya huo ndio uzito, ndio rangi, na ndio uzi pia. Uzi wa kawaida hakuutumia. Hesabu meza ya nzi huyo: ndoano, unyoya, waya. Ni mgumu kuliko anavyoonekana, kwa sababu waya hausamehi, lakini ukitoka kwa Bugger ukaingia kwa huyo, ubao wako utapungua vitu badala ya kuongezeka.

Swali la mwisho, mzee wangu hapa: aliyekwisha kufungwa awekwe wapi? Achomekwe kwenye kipande cha sponji kigumu, kichwa juu, hadi kesho vanishi ikauke. Kabla ya hapo pitisha sindano kwenye tundu la ndoano, maana vanishi ikiziba humo utaitukana mtoni vidole vikiwa na baridi. Na nzi aliyerudi kutoka majini asifungiwe kisandukuni akiwa ameloa, ndoano itashika kutu na kuambukiza wengine.

Haya. Vaisi tunazo sita, na nyinyi mko wengi, kwa hiyo tutapokezana. Waliokuja na zao wakae upande wa dirisha. Kila mtu atoe kwenye begi vitu vya Bugger tu, avipange kwenye mstari, shanga kando ya ndoano. Nitapita kuangalia kabla hamjagusa uzi. Kile kingine chote kibaki begini.